Joto Lililopotea Lilikuwa la Nani?

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeikariri methali hii tangu shule ya msingi. Tumeifafanua katika insha kuwa ni wito wa ushirikiano, tukatiwa alama zetu, tukaendelea na safari. Ni nadra tuyatazame mafiga yenyewe: mawe matatu, jivu katikati, kuni zilizopishana, na mwanamke aliyeinama akipuliza. Katika makala haya nakusudia kuyatazama mafiga kama vitu halisi kabla hayajawa tamathali, kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioyaondoa katika jiko la mama yangu, na shughuli hiyo ilizua swali ambalo ningependa wasomaji wa jarida hili walitafakari pamoja nami.

Kabla ya kusonga mbele, hebu tulidurusu neno lenyewe. Jiko lina ukoo mpana. Katika Gikuyu, lugha ya mama yangu, mahali pa moto huitwa riiko, na hata asiyesomea isimu husikia kuwa riiko na jiko ni ndugu. Mafiga huitwa mahiga, neno ambalo pia lina maana ya mawe tu. Kiswahili nacho kimelitwika jiko mizigo mingine: jiko ni chombo, jiko ni chumba, na mwanamume aliyepata jiko ameoa. Meko, wingi wa kale wa jiko, siku hizi katika maduka ya Kenya ni jina la mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Ni bayana kwamba moto unapohama, maneno nayo hufungasha virago yakaufuata.

Kwetu ni Kinangop Kusini, Kaunti ya Nyandarua, chini ya milima ya Aberdare. Ni mahali palipoinuka kiasi cha mita 2,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na asiyepajua akisikia kuwa Kenya i katika ikweta huenda akadhani kwamba twaishi tukitokwa jasho. La hasha! Mwezi wa Julai ukungu hukaa juu ya mashamba ya viazi na kabeji hadi saa nne, na zipo asubuhi ambapo nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Jiko la mama ni chumba cha mbao kilichojengwa mbali kidogo na nyumba kubwa. Humo moto uliwashwa kabla ya alfajiri ili watoto wapate maji ya kuoga na chai, ukafunikwa jivu mchana, ukafufuliwa jioni kwa ajili ya githeri, ambayo mahindi na maharagwe yake hudai saa kadhaa za kuchemka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Moto ule wa mafiga ulikuwa mtumishi wa kazi nyingi. Ulipika. Ulitupasha joto. Ulitupa mwanga wa kufanyia kazi za shule kabla umeme haujafika. Juu yake kulikuwa na uchaga, tuuitao itara, ambapo mbegu za mahindi na maharagwe zilining'inia katika moshi ili wadudu wasizitoboe. Kuni mbichi zilikaukia huko huko. Nguo zilizolowa mvua zilianikwa ukutani. Na jioni, nyanya alipoketi kwenye kigoda chake na kutamka "Ugai itha!", nasi tukamjibu "Itha!", moto huo ndio uliotukusanya kumzunguka. Wenzetu wa pwani wangesema "Paukwa!" wakajibiwa "Pakawa!", lakini shughuli ni ile ile.

Hata hivyo, singependa msomaji adhani kuwa naimba sifa za umaskini. Kuni zile zilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa kwa shingo za wanawake. Mzigo wa kuni kwetu hubebwa mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya utosi, na miongoni mwa wanawake wazee wa kijiji chetu wapo waliobaki na bonde kichwani, alama ya ukanda huo. Nimeubeba mzigo huo tangu nikiwa darasa la nne. Msitu wa Aberdare sasa umezungushiwa ua wa umeme uliokamilishwa mwaka wa 2009, na anayetaka kuni za msituni hana budi kulipia kibali na kuingia kupitia lango. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipaa, na kila aliyekuwa akinunua makaa akageukia kuni. Marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 2023.

Bei ya pili ililipwa kwa mapafu. Mama hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Alipoanza kukohoa usiku kucha, tukampeleka hospitalini, na daktari hakumwuliza kuhusu tumbaku. Alimwuliza, "Mama, unapikia nini?" Jibu la swali hilo ndilo lililoandikwa kwenye kadi yake: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kutokana na uchafu wa hewa wa majumbani, unaotokana hasa na kupikia kuni, makaa, kinyesi cha wanyama na mafuta ya taa. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Moshi uliohifadhi mbegu zetu dhidi ya wadudu ulikuwa ukimla aliyezipanda mbegu hizo.

Tulianza na gesi. Mwaka wa 2019 dada yangu mkubwa alimnunulia mama mtungi wa meko, naye aliupenda kwa chai ya asubuhi. Lakini githeri ya saa tatu juu ya gesi ni anasa isiyowezekana katika nyumba yetu. Mwezi wa Julai 2021 kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi ya kupikia, mtungi ulihamia chini ya kitanda, ukawa wa wageni. Kodi hiyo ilipunguzwa mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka wa 2023, ila kwa wakati huo mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye mafiga.

Ndipo mwaka wa 2022 shirika moja lilipofika kijijini likihimiza majiko sanifu ya kuni. Msomaji wa mjini analijua jiko la makaa lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Jiko la roketi, lililobuniwa na Mmarekani Larry Winiarski katika muongo huo huo, ni binamu yake wa kuni. Tundu lake la moto lina umbo la kiwiko: kuni huingia kwa ubavuni, hewa hupita chini yake, na mwali hupanda katika mfereji mwembamba uliozungukwa na udongo hadi kwenye tako la sufuria. Moto ukibanwa hivyo huwa mkali, moshi mwingi huungua kabla haujatoka, na unaobaki huelekezwa nje kwa dohani. Mwelimishaji wa shirika hilo alitufafanulia kuwa katika mafiga, kati ya sehemu 100 za joto la kuni, ni sehemu 10 hadi 20 tu zinazoingia katika chungu. Zilizosalia, alisema, "zinapotea." Alichemsha maji mbele yetu kwa vijiti vichache mno, akina mama wakapiga makofi. Kwa pesa nilizopata kwa kufundisha masomo ya ziada, nililipia jiko moja la mama.

Nilirudi chuoni. Kulingana na hesabu yetu, jiko lilifanya kazi yake barabara: mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu ulifika siku ya tano. Nilipokuja likizoni mwezi wa Julai, nilikuta jiko la roketi limezimika, sufuria safi juu yake, na katika pembe nyingine ya chumba mawe matatu yamerudi, moto unawaka, mama ameketi kando yake na wajukuu wawili, shuka mabegani. Moshi ulikuwa pale pale, na kikohozi vilevile.

"Mama, jiko limeharibika?" nilimwuliza.

"Maitu, halijaharibika," alinijibu. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. "Linapika vizuri kuliko haya mawe. Lakini jiko hili linapenda sufuria kuliko watu."

Usemi huo ulinikaa kichwani siku nyingi. Uliniganda zaidi kwa sababu ya mazungumzo mengine yaliyotokea wiki hiyo hiyo. Mama mdogo, dadake mama, ni muuguzi katika mji wa Leeds, Uingereza. Alipopiga simu kutujulia hali, alitueleza kuwa ametoka kubadilisha boila ya nyumba yake. Mama hakujua boila ni nini, mama mdogo akaanza kumweleza kwa subira. Ni mtambo uliotundikwa ukutani, unaochoma gesi na kupasha maji. Sehemu ya maji hayo huzunguka katika mabomba ya chuma vyumbani na kuwapa watu joto, na sehemu nyingine ni ya kuogea. Boila ya zamani ilikuwa ikimla pesa. Hii mpya ni ya aina isiyouacha mvuke uende zake bure.

Mimi nami, kwa udadisi, nililisoma jambo hilo baadaye. Gesi inapoungua huzaa mvuke wa maji, na mvuke huo huwa umebeba joto. Boila za zamani ziliuacha utoke pamoja na moshi. Boila za sasa huupitisha moshi kando ya maji yanayorudi kutoka vyumbani yakiwa yamepoa. Mvuke ukigusa ubaridi huo hugeuka matone, kama ufanyavyo kwenye kifuniko cha sufuria, na joto lake huingia katika maji. Sharti maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi, la sivyo mvuke hautageuka. Kwa njia hii boila huweza kutumia takriban asilimia 90 ya nishati ya gesi. Katika Uingereza na Wales, tangu Aprili 2005 kanuni za ujenzi zimeelekeza kuwa boila mpya ya gesi iwe ya aina hii, ila pale ambapo nyumba yenyewe hairuhusu.

Mama alimsikiliza dadake hadi mwisho, kisha akacheka hadi akakohoa. "Kumbe!" alisema. "Huko wamejenga mashine ya kuwapa watu joto, nasi huku tumeletewa mashine ya kutunyang'anya."

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali nililolitaja mwanzoni. Joto lililosemwa kuwa limepotea, lilipotelea wapi? Halikupotelea hewani lote. Sehemu yake iliingia katika magoti ya mama, katika viganja vya wajukuu, katika nguo za shule zilizolowa, katika mbegu za msimu ujao. Katika nchi yenye boila, upishi una mtambo wake na upashaji joto una mtambo wake, na kila mmoja hupimwa kwa kazi yake. Katika jiko la Kinangop moto mmoja ulifanya kazi zote mbili, na nyingine zaidi. Kipimo kilicholetwa kijijini kiliihesabu kazi moja tu, ile ya chungu, kisha kikaziita zilizobaki hasara. Aliyekuwa akizihesabu zote ni mama, na hesabu yake ndiyo iliyoyarudisha mawe.

Wengi hudai kuwa wazee wanaorudi kwenye mafiga wanashikilia mila. Mama hakuwa akishikilia mila yoyote. Alikuwa akisikia baridi.

Kwa hivyo tulimwita fundi wa kijijini, mtu aliyewahi kujenga majiko ya shule, na mama ndiye aliyetoa masharti. Alitaka joto la watu, maji ya kuoga, na moshi utoke. Fundi alilivunja lile jiko upande wa nyuma. Badala ya kuipandisha dohani moja kwa moja, aliulaza mfereji wa moshi ndani ya benchi ya mawe na udongo yenye urefu wa hatua mbili, ndipo akaupandisha nje. Mahali mfereji unapotokea benchini aliuzungushia pipa la maji. Nilimwomba airefushe benchi ifike ukuta wa pili, ili joto lisitoke hata chembe. Alikataa katakata. "Moshi ukipoa sana hautapanda," alinieleza. "Utawarudia humu ndani." Alisema kweli. Hata zile boila za Ulaya, kwa kuwa moshi wake umepoa mno, huwa na feni ya kuusukuma nje. Fundi wetu, asiyekuwa na feni, aliupima moshi kwa kiganja chake na kuuachia joto la kutosha la kupandia. Aidha, alituonya kuwa moshi wa kuni uliopoa huacha utomvu mweusi katika dohani, nao ni lazima usafishwe mara kwa mara usije ukashika moto.

Mama hukaa juu ya benchi hiyo jioni, mgongo ukutani. Udongo hukaa na joto hata baada ya kuni kuisha. Maji ya pipa si ya kuchemka, ila yanatosha kumwogesha mtoto asubuhi bila ya kuwasha moto wa pili. Kuni sasa hudumu siku nne, siyo tano. Mwelimishaji wa shirika angesema kwamba tumerudi nyuma kwa siku moja. Mama husema siku hiyo ndiyo ya watu. Mbegu zimehamia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi. Mawe matatu yametolewa nje, na hayajarudi. Mapafu yaliyokwisha kuumia hayarudi kuwa mapya, na mama bado ana dawa yake ya kuvuta. Lakini hulala usiku.

Liko jambo moja ambalo fundi hakuweza kulijenga, na hilo linatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Mwali hauonekani tena. Umefungiwa ndani ya udongo, na chumba kinaangazwa na balbu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akisimulia habari za zimwi, alikuwa akikisukuma kijinga kwa mguu ili cheche ziruke pale zimwi linapotokea. Aliujua muda wa ngano kwa urefu wa gogo. Alinyamaza gogo linapoporomoka, akaendelea. Mama husimulia ngano zile zile kwa wajukuu juu ya benchi, nami nimezirekodi kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilipoziandika nilitambua kuwa zimwi la mama hutokea kwa sauti tu. Ameanza kupiga makofi pahali ambapo nyanya alirusha cheche. Ngano imepata mbinu mpya, na imepoteza mwenzake wa jukwaani.

Katika vitabu vyetu vingi vya fasihi simulizi huandikwa kwamba ngano husimuliwa jioni kando ya moto, kisha mwandishi akapita. Moto huchukuliwa kuwa pazia la nyuma. Ningependa kupendekeza kwa wenzangu wanaokwenda nyanjani kwamba wauulize moto maswali. Ulikuwa wa aina gani? Nani aliukaribia, nani alikaa mbali? Mwanga ulitoka wapi? Jiko lilipobadilishwa, utendaji ulibadilika vipi? Majiko yanabadilika mwaka huu, katika nyumba zetu wenyewe, na kumbukumbu hizo zitatoweka pamoja na waliozitenda.

Pendekezo la pili ni la lugha. Tulipokuwa tukizungumza na fundi, mwelimishaji na mama, tulikosa jina la Kiswahili la lile joto linalotoka nje ya chungu. Mwelimishaji aliliita "joto linalopotea", na jina hilo lilikwisha kutoa hukumu kabla ya mjadala kuanza. Mama huliita joto la watu. Sisi tunaofundishwa kuunda istilahi tutambue kuwa anayekipa kitu jina ndiye anayeamua kitahesabiwa upande wa faida au wa hasara. Kila anayetaka kumbadilishia mamake jiko, na kwa hakika ni vyema abadilishe kwa kuwa moshi unaua, na aketi kwanza jikoni humo jioni moja ya Julai, ahesabu kazi zote za moto ule, kisha amwulize mwenye jiko ni zipi ambazo hayuko tayari kuziacha. Akishajibiwa, amwite fundi.